Fuawe ya Otieno

Huruma, Jumanne jioni, 1979

Kumbe ni kombora! Kile chuma anachofulia majiko jirani yangu Otieno kilitoka vitani kaskazini, ndani ya gunia la vyuma chakavu. Leo mwanajeshi aliyekuja kununua jiko alikiona, akarudi kinyumenyume hadi barabarani.

"Hilo halijalipuka, fundi. Usiliguse! Kesho tunakuja kulitoa."

Otieno akacheka. "Miaka miwili nalitwanga, afande. Leo ndiyo litakasirika?"

Kati ya kombora na kitanda changu kuna bati moja, tena lenye matundu.

Miaka yote miwili nimelalamikia kelele za nyundo yake. Sasa kumenyamaza, lakini ameahidi mteja majiko matatu kesho asubuhi. Nimetega sikio, naogopa hata kukohoa.

Ameanza kupiga mluzi. Huwa anapiga mluzi akitafuta nyundo.