Uzi Mwekundu kwenye Kamba ya Husseni

Bagamoyo, tarehe 6 Mfungo Saba, 1302

Kwa baba yangu Bwanausi, fundi wa vitako vya bunduki, Msata.

Baba, nashika miguu yako kutoka mbali. Sisi wazima. Mume wangu Rehani mzima, mjukuu wako Sada mzima ila meno yanamtoka, naye akilia nyumba nzima hailali. Barua hii naiandika kwa mkono mmoja, mkono wa pili umembeba yeye. Mgongo wako je?

Pazi na wawindaji wenzake wamerudi juzi. Wamekaa barazani kwangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, wanakula mihogo yangu na kuzisema bunduki zako. Uliniagiza nikuandikie kila wanalolisema bila kupamba, basi sipambi.

Pazi anasema bunduki ya dukani ni ya kila mtu, kwa hiyo si ya mtu. Hii yako akiitia begani inakaa kama mtoto aliyeshiba. Alawi, aliyekaa nao, akamwuliza, "Na nyama iko wapi?" Pazi akasema, "Nyama haikuja. Bunduki haina kosa." Wakacheka mpaka wakamwamsha Sada, nami ndiyo kwanza nimemlaza.

Alawi haamini kazi yako hata kidogo. Anasema kupimwa mkono na bega kama mtu anayeshonewa kanzu ni fahari tu, gobori la dukani linaua vilevile. Pazi akamjibu, "Linaua, ila huanza na mwenyewe." Lakini hata Pazi ana lake: mti wa mninga mzito. Siku ya nne ya safari, anasema, bega linaanza kumchukia Bwanausi. Uupunguze kwa chini ikiwezekana.

Wauza papa wa Mlingotini wanakuletea kasiba tatu mpya, mitutu mitupu ya dukani, nimezifunga ndani ya mkeka. Wenye bunduki ni Mrisho, Husseni na mume wangu. Nimewapima kwa kamba kama ulivyonifundisha, kutoka kikunjo cha mkono hadi kidole cha kufyatulia, fundo. Kutoka bega hadi shavu, fundo la pili. Kila kamba iko kwenye kasiba yake, na uzi kwa anayeuhitaji.

Ndiyo, baba, Rehani naye. Tangu alipoanguka mnazi mwaka jana hataki tena kupanda. Anataka kwenda na Pazi kuwinda nyati na tembo upande wa Uzigua. Nimesema, nimenyamaza, nimesema tena. Kama ni lazima aende, basi aende na bunduki yako, si na gobori la Alawi. Nyati hangoji mtu ajiweke sawa.

Kamba ya nne si ya bunduki. Ni urefu wa Sada, kutoka utosini hadi kisigino. Hujamwona, basi mshike hivyo kwanza. Nitakutumia nyingine kila mwezi.

Mwanao, Mwaija


Msata, tarehe 29 Mfungo Saba, 1302

Mwanangu Mwaija, marahaba. Mimi mzima, namshukuru Mungu. Mgongo ni mgongo. Usishangae khati, anayeandika ni Mwalimu Mtoro wa chuo cha hapa. Mkono wangu umevimba kwa kazi ya randa.

Mwambie Pazi mti mzito ndio unaomeza teke la baruti. Akitaka mwepesi nitamchongea wa mpapai. Alawi usimwambie kitu. Mtu ambaye hajavaa kanzu iliyomkaa hajui kuwa yake inamtesa.

Kasiba zimefika, kamba zimefika. Ya Sada nimeitundika juu ya kitanda. Mrefu. Hilo kalitoa kwa bibi yake. Bunduki zitakuwa tayari mwezi ujao, na ya mkwe wangu nitaichonga ya mwisho, mkono ukiwa umeshapata moto.

Lala mwanangu. Mtoto akilala nawe lala, vyombo havikimbii.

Babako


Bagamoyo, tarehe 22 Mfungo Nane, 1302

Baba, nashika miguu. Sisi wazima kiasi. Sada ana jino moja, nami nina homa ya maziwa inayokuja na kwenda. Mkono wako umepungua?

Bunduki zimefika Alhamisi. Naanza na njema. Mrisho anasema yake ni kama mkono uliomwotea. Amelala nayo usiku mbili, mkewe akaja kunishtaki mimi, eti, "Baba yako kaniletea mke mwenza wa chuma."

Sasa mbaya. Husseni ni mtu wa mashoto, na bunduki yake imechongwa kwa mtu wa kulia. Alisimama barazani mbele ya watu wote, akaiweka bega la kushoto, akaihamisha la kulia, akairudisha tena. Kisha akasema, "Bwanausi kanichongea mkono wa kulia. Mkono wenyewe mbona hakuuleta?" Watu wakacheka. Alawi ndiye aliyecheka zaidi.

Ya Rehani mbaya kuliko hiyo. Alipoanguka mnazi taya lilivunjika, likaunga vibaya, limetokeza. Wewe hujamwona tangu hapo, ndiyo maana nilifunga uzi kwenye kamba yake. Alikwenda shambani kuijaribu. Alirudi mdomo umepasuka, shavu limejaa kama ana embe ndani, damu mpaka kifuani. Nikamwuliza. "Bunduki mpya zote kali," kasema, akaenda kulala. Lakini jana nilimwona anajaribu tena, na kabla hajafyatua alifumba macho. Baba, alifumba macho. Ataendaje mbele ya nyati amefumba macho?

Nyuzi nilizifunga kwa desturi yetu, mwekundu kwa mtu wa mashoto, wa buluu ya nili kwa mwenye ila ya shavu au taya. Niambie kumetokea nini.

Kamba ya Sada imo.

Mwanao, Mwaija


Msata, tarehe 5 Mfungo Tisa, 1302

Mwanangu Mwaija, marahaba. Pole kwa homa.

Nimechonga vitako tangu kabla ya wewe kuzaliwa, na hakuna aliyewahi kunirudishia. Nyuzi umezifunga kinyumenyume. Sikulaumu. Mama anayenyonyesha hukosa hata hesabu ya siku, sembuse nyuzi. Mwambie Husseni alete bunduki nimrekebishie, na Rehani afunge kitambaa kwenye kitako pale shavuni, itamtosha safari hii.

Na Alawi asikaribishwe tena barazani kwako.

Babako


Bagamoyo, tarehe 13 Mfungo Tisa, 1302

Baba, nashika miguu. Leo sitaandika mengi ya hali. Homa imetoka, uchovu umebaki.

Barua yako iliponifika niliiamini. Nilijisemea, Mwaija, hulali, umefunga uzi huku unasinzia, umempasua mumeo mdomo. Nililia huku natwanga. Husseni alipopita nikamwambia mbele ya Pazi na Alawi kuwa kosa ni langu, baba hana kosa. Akasema, "Basi, shemeji, usiku ukinipima uwashe taa." Wakacheka, nami nikacheka nao.

Kisha nikakumbuka desturi yako. Ukimaliza bunduki huirudisha kamba, umeizungusha kwenye mtambo wa kufyatulia, mwenye bunduki aitunze. Nikaenda kwa Husseni nikaomba kuiona yake. Ipo, na uzi wake ni mwekundu. Nikarudi nyumbani nikaitazama ya Rehani. Uzi wa nili. Nilimwita na jirani yangu Tabia atazame, jua liko utosini, nisije nikajidanganya kwa usingizi. Naye kaona hivyo hivyo.

Nikazitazama bunduki zenyewe. Ya Husseni umeichimba pale shavuni, kwa taya ambalo Husseni hana. Ya Rehani imegeuzwa kwa mtu wa mashoto. Kwa hiyo hukuusahau uzi. Ulijua uko hapo, umeushika kwa vidole. Ulichokikosea ni rangi. Na Mrisho, ambaye kamba yake haikuwa na uzi, ana mafundo tu, bunduki yake haina kasoro hata moja.

Pazi anasema wabadilishane. Husseni mrefu kama mlingoti na Rehani hamfiki begani, itakuwa ni kuhamisha kosa kutoka nyumba hii kwenda ile.

Baba, khati yako sijaiona tangu kabla ya Sada kuzaliwa. Kwanza ilikuwa wino umeisha, kisha jeraha, sasa uvimbe. Nakuuliza swali moja, na Mwalimu Mtoro akusomee polepole: unaona?

Kosa lako nimelibeba mbele za watu. Nimelibeba kwa moyo mweupe kwa kuwa wewe ndiye uliyenifundisha kushika kalamu. Mara moja tu. Mara ya pili silibebi, kwa sababu mara ya pili litakuwa halipimwi kwa kicheko cha Alawi, litapimwa kwa mume wangu. Pazi anasubiri mvua zipungue, kisha wanaondoka. Rehani hataki kubaki, anaona haya. Nimeuficha mdeki wake chini ya pipa la unga. Bila mdeki hashindilii baruti, na bila baruti haendi. Ameutafuta siku mbili, haniulizi, nami simwambii. Tunapishana mlangoni kama wapangaji.

Nijibu.

Mwanao, Mwaija


Bagamoyo, tarehe 29 Mfungo Tisa, 1302

Baba, nashika miguu.

Siku kumi na sita nimeziangalia. Wauza papa wamekwenda Msata na kurudi mara mbili. Wanasema wewe mzima, unakaa mlangoni, ukiulizwa jibu la Mwaija unasema kesho.

Mimi siwezi kungoja kesho, Pazi hangoji. Jana nimeutoa mdeki nikamkabidhi Rehani. Nikamwambia, "Nilikuwa nao mimi." Akasema, "Nilijua. Unga ulikuwa na alama ya kidole chako." Siku zote hizo alijua. Nikamwambia habari ya nyuzi zote mbili. Akafikiri, akasema, "Mzee ataona haya nikifika." Nikamwambia aone haya, haya haiui.

Basi anayekuletea barua hii ni mwenyewe. Hatapita Msata bila kukaa mbele yako. Kamba sikufunga. Mshike taya kwa mkono wako. Ukiweza kumchongea upya, mchongee. Ukishindwa, mwambie kwa mdomo wako kuwa umeshindwa, arudi nyumbani. Kutoka kwangu hatasikia, nimeshasema mpaka maneno yamekwisha makali. Kutoka kwako atasikia.

Na kama ni macho, baba, sema ni macho. Sina hasira. Nimechoka tu, na nataka kujua ninachochoka nacho.

Mwanao, Mwaija


Msata, tarehe 12 Rajabu, 1302

Mwanangu Mwaija, marahaba, na marahaba tena.

Rehani amefika Jumanne ameloa mpaka kwenye mifupa. Alisema shikamoo, akakaa, akauchukua mkono wangu akauweka kwenye uso wake. Huyo uliyeolewa naye ana busara, sikuwa nimejua.

Ni macho. Yalianza kama moshi wa kuni mbichi, nikawa nayafuta kwa shuka. Mwaka huu moshi umekaa. Mwanga nauona mlangoni, na mtu akipita naona kivuli. Nyekundu na nili kwangu ni giza moja. Mafundo nayaona vizuri kuliko zamani, kwa kuwa vidole vimepata kazi ya macho. Nyuzi zako nilizishika, nikajua mmoja ni wa mashoto na mmoja ni wa taya, nikakaa nazo magotini asubuhi nzima. Ningemwuliza Mwalimu. Alikuwa chumba cha pili, nawasikia watoto wake wakisoma. Nikaona haya kumwuliza mtu rangi ya uzi. Nikakisia. Na ulipoandika, nikakutwika wewe.

Mwalimu ameacha kuandika hapa kidogo, ananitazama. Hata yeye nilikuwa nimemwambia ni mkono.

Nilinyamaza kwa kuwa fundi asiyeona ni mzigo, na wewe tayari unao mmoja mgongoni, hajamaliza hata kuota meno. Niliogopa kuwa wa pili. Hiyo ndiyo sababu, nyingine sina.

Nilimshika Rehani taya lile. Hapo ndipo nilipoujua uso wa mume wa mwanangu, na nilipojua kilichomtoka damu. Alikaa mbele yangu siku tatu. Nachonga kidogo, anaweka shavuni, napitisha kidole kati ya mti na mfupa, nachonga tena. Sijawahi kufanya hivyo, kumchongea mtu na yeye yupo. Siku ya nne alitundika kibuyu kwenye kisiki akapiga mara tatu. Yeye anasema zimepiga zote. Mimi nimesikia mbili. Nikamwuliza, "Ulifumba macho?" Akasema, "Mara ya pili tu, mzee. Kwa mazoea." Nikampigisha mpaka yakaisha.

Nilimwambia pia arudi nyumbani, kama ulivyotaka. Nilisema kwa maneno ya baba. Akasema, "Sasa nina bunduki yangu." Na bunduki hiyo nimeichonga mwenyewe. Ameondoka jana alfajiri, Pazi alipompitia hapa. Bunduki ya kwanza nimekuharibia kwa kukosea, na ya pili kwa kupatia. Nisamehe zote mbili.

Husseni nimemtumia salamu alete bunduki yake. Na barazani useme kwa sauti, Alawi akiwepo ndiyo vizuri: kosa lilikuwa la Bwanausi. Mwaija hana kosa. Useme hivyo hivyo, usinipunguzie.

Kuanzia leo usifunge uzi. Mtu wa mashoto mafundo matatu mwishoni mwa kamba, mwenye ila ya taya mafundo manne. Vipimo ni vyako na vidole ni vyangu, lakini kazi ya kuangalia mti ni yako pia, na kazi hiyo haifanyiki mimi niko Msata wewe uko Bagamoyo.

Mwalimu amenipa kalamu. Mistari ikipandana vumilia.

Nakuja na wauza papa watakaporudi pwani. Kamba ya Sada ya mwezi huu usiitume. Nitampima mwenyewe kwa kiganja.

Babako