Ifungue Ndege ya Pili

Bungu, Kibiti,
Pwani.
19 Juni 2025

Mpendwa mwanangu Zubeiri,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai karatasi hii itakukuta mzima wa mwili. Uzima wa moyo najua kwa sasa huna, na sitajifanya sijui. Unakula lakini? Usingizi unaupata? Na hicho mnachokiita kiangazi huko Uingereza, kimeshafika au bado mnavaa makoti?

Siye huku hatujambo, alhamdulillahi. Goti langu la kulia limeanza ukaidi, nikisujudu linalia kama bawaba, lakini ukubwa nao una mizigo yake. Mama yako Waride ni mzima na ulimi wake ni mzima zaidi. Hivi ninavyoandika anamgombeza mbuzi aliyeingia kwenye mihogo.

Tangu ulipotutumia ile sauti kwenye simu, kwamba moja ya ndege mbili mnazozitunza imeanguka mbele ya watu siku ya maonyesho na rubani rafiki yako amefariki, umekuwa hupokei simu zetu. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Simu unaikata, barua utaikataje?

Pole sana, mwanangu. Yule bwana mwenye masharubu meupe nilimwona kwenye picha zako, kakushika bega kama ndugu. Umesema ameacha mke. Tumemwombea mama huyo subira, na mama yako alilia kama anayemjua.

Huku Iddi ya kuchinja imepita salama. Mpunga wa bondeni unavunwa, mwaka huu maji yametuonea huruma, si kama mwaka jana yalipobeba hadi vitanda. Mikorosho tunaipulizia salfa. Dada yako Shamsia amejifungua mtoto wa kike, kamwita Hafidha, jina la bibi yako. Gereji yangu ya pikipiki na pampu za maji bado ipo palepale kando ya barabara ya Kilwa, na spana yako namba kumi na tatu bado naificha wasiibe.

Sasa nije kwenye ndege, maana unanijua, nikikaa na swali silali. Kuuliza si ujinga. Umewahi kuniambia kwamba hizo ndege ni za vita vya pili vya dunia, kwamba wanajeshi walijifunzia kuruka, na kwamba injini yake ina silinda tisa zilizokaa duara kama watu waliozunguka sinia. Nimeichora kwa chaki ukutani gerejini. Kinachonishinda ni oili: ile silinda ya chini kabisa, iliyoinamisha kichwa, oili haiijazi usiku kucha ikisimama? Mnaimwagaje kabla ya kuwasha?

Na vipuri mnavipata wapi, ikiwa kiwanda kilikufa kabla sijazaliwa? Mnachonga wenyewe? Mimi hapa nikikosa ringi ya pistoni ya pikipiki ya Mchina naikosa kwa wiki nzima, na ni ya mwaka juzi.

Jambo jingine ninalojiuliza ni watu wenyewe wanaokuja kutazama. Babu yetu alisimuliwa na baba yake kwamba, katika vita vya kwanza, ndege zilizunguka juu ya delta zikiitafuta meli ya Mjerumani iliyojificha kwenye mikoko. Waliokuwa chini hawakupiga makofi, walikimbilia migombani. Leo watu wanapeleka watoto, wanakula karanga, wanaishangilia. Silaumu, nataka kuelewa tu. Labda mngurumo ukisikika bila woga unakuwa kitu kingine. Mimi mwenyewe nakiri ningetoa Iddi moja nikazione na kuusikia.

Nassibu, fundi mwenzangu, aliipata video ya ajali. Niliitazama mara kumi na moja. Usinifikirie vibaya, sikuwa natazama kuanguka. Nilifumba macho nikasikiliza injini. Kabla haijageuka kushoto niliona kama sauti ilipungua, ikarudi, ikapungua tena. Lakini spika ya simu ya Nassibu ni mbovu na upepo ulikuwa mwingi. Weye umesikia nini?

Hapo ndipo penye kiini cha barua hii. Ulisema injini za ndege zote mbili ulizifumua na kuzifunga weye, majira ya baridi yaliyopita, mezani pamoja, kwa vipuri vya kundi moja. Iliyoanguka imeungua, haina mengi ya kuwaambia wachunguzi. Iliyobaki wamekuachieni wenyewe, mkitaka mtaifungua, msipotaka basi. Na chama chenu cha watunza ndege kitapiga kura juu yake mwisho wa Julai, na watafuata neno lako kwa kuwa weye ndiye fundi mkuu.

Na neno lako, Zubeiri, umesema liwe hili: ndege ya pili iingizwe ukumbi wa makumbusho, panga la mbele linalozunguka lifungwe kamba, injini isiguswe tena na mtu. Umesema ni heshima kwa marehemu.

Sina ugomvi na makumbusho. Ndege ikae chini ya paa, watoto waitazame, ni sawa. Iruke tena, nayo ni sawa, watu wazima wanajua wanachokipanda. Ninalogombana nalo ni hilo la isiguswe. Sasa nitakwambia jambo ambalo nimelibeba miaka ishirini na mitatu.

Baba yako Sadallah, mdogo wangu, alizama ulipokuwa na miaka sita. Ulikua ukiambiwa kiboko aliupindua mtumbwi. Ndivyo kila mtu wa kijijini kwetu Mkongo anavyosema hadi leo, na asubuhi ile viboko walikuwapo kweli. Usichoambiwa ni kwamba mtumbwi ule ulikuwa na ufa tumboni, na aliyeuziba ni mimi.

Niliuziba kwa bati, misumari, na pamba niliyoichovya kwenye lami. Lami ile ilitaka siku tatu za jua. Ndege walikuwa wanamaliza mpunga wake ng'ambo ya mto, akanihimiza, nikampa mtumbwi baada ya siku moja. Saidy aliyevuka naye na kuokoka alisema alisikia kishindo, kisha maji. Kishindo cha kiboko, au cha gogo, au cha bati langu kung'oka, hakujua, na watu hawakumwuliza zaidi. Mimi ndiye niliyepaswa kumwuliza.

Mtumbwi uliokotwa mto unakoshukia, juu ya mchanga. Unajua kwetu mtumbwi uliozamisha mtu haurudi majini. Wengine huuacha uoze, wengine huuchanja kuni. Mimi nilisema uchomwe, na siku ya tatu, baada ya hitima, nikauchoma mwenyewe. Niliulaza tumbo chini, kiraka kisionekane, nikatia moto. Wazee walinisifu wakasema Kondo amemheshimu ndugu yake. Haikuwa heshima, mwanangu. Nilikuwa naogopa.

Ningeupindua tu. Kazi ya kunywa kikombe cha kahawa. Ningekikuta kiraka kimeshika, ningelia kilio cha mtu aliyefiwa na ndugu. Ningekikuta kimeng'oka, ningelia kilio kingine, ningekwenda kwa mama yako nikaomba radhi, na leo ingekuwa imepita. Badala yake nikawa mtu wa kujiuliza. Mnasema nilihama mtoni nikaja barabarani kufuata biashara. Nilihama kwa sababu kila mtumbwi nilioletewa niuzibe, mikono ilitetemeka. Kila nilipokufundisha kufunga nati nilikuwa nakwambia rudia, kagua, rudia, ukadhani ni ukali wa fundi.

Ndiyo maana nakwambia: ifungue ndege ya pili. Usiifungue peke yako, waite mafundi wawili watatu wasiokupenda wala kukuchukia. Itandazeni mezani nati kwa nati. Mkikuta kazi yako ina kosa, utakuwa na kosa moja lenye jina na mahali pake, na mafundi wengine wenye injini kama hiyo watajua pa kutazama kabla hawajampandisha mtu. Mkikuta kazi yako ni safi, utamzika rafiki yako kama wanavyozika wengine. Baada ya hapo iruke au isiruke, hilo nawaachieni. Kwa vyovyote njoo nyumbani, chumba chako kipo.

Wakikuambia huyo baba yako mkubwa wa Bungu anajua nini habari za ndege, waambie hajui, anauliza tu.

Mama yako anakusalimu. Mdogo wako Yasmin anakusalimu na anasema usisahau ahadi yako ya kamusi. Shamsia na mwanawe, Nassibu, Saidy ambaye sasa haoni vizuri, na Mzee Muhidini wa msikitini, wote wanakupa pole.

Nilitaka kufunga hapa. Lakini kabla ya kutia karatasi hizi kwenye bahasha niliona haifai weye ulisome jambo hili ukiwa mbali huko ilhali mwenye mume hajalisikia. Nikamwita mama yako, nikamsomea yote tangu salamu, tumekaa barazani wawili. Nilipofika kwenye lami nilimtazama. Yeye alikuwa anapembua mchele, hakuacha kupembua. Nilipomaliza akasema:

"Miye nilijua tokea siku ile. Nilikuwa nangoja uniambie weye." Akaweka ungo chini. "Mwandikie mwanangu afungue. Asimngojeshe mke wa mwenziwe kama weye ulivyoningojesha miye."

Nimeandika kama alivyosema, sikuongeza neno. Mola akupe mikono isiyotetemeka na moyo wa kutazama.

Ni mimi baba yako mkubwa, ambaye hapungukiwi na mapenzi kwako hata ukikata simu,

Kondo