Homa Niliyoificha

Kiegeani,
Mafia.
12 Septemba 2025

Mpendwa mdogo wangu Ukasha,

Asalaam aleikum. Marahaba yako nakupa mapema, maana najua ungeanza kwa kuniamkia. Hamjambo huko Kasulu? Mgongo wa Mwanahalima unaendeleaje? Sisi hatujambo, alhamdulillahi. Mimi nimerudi kuwa mtu: nalala usingizi, nafua nguo zangu, na nimeanza tena kugombana na kuku.

Utajiuliza kwa nini barua wakati simu zipo. Mwalimu Godlove wa shule ya hapa kijijini anakuja likizo kwao huko huko Kasulu, ataibeba, na hili ninalotaka kukwambia naona haya kulisema kwa mdomo.

Ugonjwa ulivyoanza unajua. Siku ya Idi tumbo lilinishika hadi mgongoni, nikapelekwa Kilindoni, kisha hospitali Dar es Salaam. Wakasema mawe ya kwenye mfuko wa nyongo yamelichokoza kongosho, nalo limevimba vibaya. Hata sikujua kama ninalo. Baada ya wiki mbili nikapata nafuu, na daktari akasema nikikaa siku tatu bila homa ataniruhusu. Harusi ya Zuena wangu ilikuwa Ijumaa ile. Kitinda mimba, Ukasha, aolewe mimi sipo?

Homa ikarudi, nami nikaificha. Nikisikia nesi anakuja na kile kipimo chao cha kuelekeza usoni, nalowesha pindo la kanga kwa maji ya chupa, najipangusa paji la uso. Kinasoma vizuri, anaandika, anapita. Siku mbili niliwapiga chenga, nikajiona mjanja kweli.

Aliyekuwa akiniuguza ni mkamwana wangu Sabra. Alinitazama tu, mpole kama kawaida yake. Siku ya tatu, nesi Careen alipofika kitandani, Sabra akamwambia, "Nesi, mama ana homa. Usimpime usoni, mpime kwapani."

Waliponipiga picha wakakuta sehemu ya kongosho imekufa, vijidudu vimeingia, usaha umetunga. Nikawekwa mrija ubavuni, ukakaa wiki sita, na sindano za antibayotiki kila siku. Daktari alinieleza baadaye kuwa ningepanda ndege na homa ile, harusini wangegeuka waje kunizika. Harusi nilikataa isiahirishwe. Niliiona kwenye simu, nalia kwa furaha na hasira pamoja.

Na Sabra sikusema naye siku nne. Alinilisha uji, alinigeuza, alinisafisha, nami natazama ukutani. Najionea aibu mpaka leo.

Sasa jikoni mkubwa ni yeye. Tui limepigwa marufuku mpaka mawe yatolewe, mwezi wa kumi na moja inshallah. Hebu fikiria, minazi imeizunguka nyumba, halafu mtu wa Mafia anakula samaki kolekole wa kuchemsha na ndimu. Mbuzi ya kukunia nazi ameiazimisha kwa jirani nisiione. Wiki ya kwanza nilinung'unika, siku hizi ndimu naiomba mwenyewe.

Juzi alfajiri niliamka natetemeka. Maji yalikuwa karibu na kanga nimejifunga. Sikuyagusa. Nikamwita Sabra, nikamwambia, "Mwanangu, njoo unishike paji. Nadhani nina homa."

Miaka yote tisa tangu aolewe kwetu sikuwahi kumwita mwanangu. Alikuja, akaniwekea kiganja, akakiacha pale muda mrefu kuliko unaohitajika kujua kama mtu ana homa. Kilindoni wakaona ni malaria tu, na dozi naimaliza kesho.

Msalimie sana Mwanahalima na watoto. Zuena na mumewe wanakusalimu. Sabra anakuamkia, yuko mlangoni anangoja nimalize, uji unapoa.

Mwenyezi Mungu akupe afya, mdogo wangu, na siku ukificha maumivu, akujaalie mtu wa kukusemea.

Ni mimi dada yako nikupendaye,
Kijakazi