Dumu la Udongo Kichwani mwa Mama Zawadi

Jumapili. Baridi ya Johannesburg leo inauma hadi kwenye meno, ila jua limetoka na moyo wangu umetulia. Naandika nikiwa bado na udongo kwenye kucha.

Jana tulifungua maonyesho yangu Troyeville. Ni chumba kimoja tu, chenye sakafu ya mbao. Nimefinyanga vitu nilivyokua navyo Upareni: kinu, kigoda, kandambili zilizolika kisigino, na dumu la maji lililobonyea ubavuni kama lile la nyumbani kwetu. Hilo dumu limenitesa. Yote yaliyolitangulia yalipasuka tanurini. Hili pekee ndilo lililopona.

Nilikuwa na hofu, sitaficha. Wageni walizunguka na glasi zao, wakasema nzuri, wakapita. Nikaanza kujiuliza kama vitu hivi vina maana kwa yeyote isipokuwa mimi.

Kisha akaingia Mama Zawadi. Ni fundi cherehani, Mkongo wa Uvira. Chumba chake cha kushonea kimepakana na karakana yangu kule Jeppestown. Kila asubuhi tunasalimiana, basi. Nilikuwa nimemwalika kwa adabu tu.

Alisimama mbele ya dumu muda mrefu. Halafu akavua mtandio wake, akausokota ukawa ngata.

"Dada, hii njo bidoni ya kwetu," alisema, akiligusa dumu. "Naweza kuibeba?"

Msimamizi wa ukumbi alinitazama, akatikisa kichwa kukataa. Nami nilijua likianguka sina jingine.

Nikasema ndiyo.

Akalipandisha kichwani, akaachia mikono, akatembea. Polepole, shingo imenyooka, mpaka dirishani na kurudi. Machozi yalimtiririka, lakini dumu halikutikisika.

Alipolitua akaniambia, "Tulikimbia, tukaacha vyote. Sikuwazaka kama nitakumbuka bidoni."

Nilimshika mkono tu.

Baada ya hapo watu walisogea, wakagusa, wakaanza kusimuliana habari za visima vya kwao. Mama mmoja wa Limpopo alivua viatu akajaribu mwendo uleule, kichwa kitupu, huku akicheka. Nimeifanya kazi hii miaka mingi, na sijawahi kushukuru kama nilivyoshukuru jana.

Leo baada ya ibada, Mama Zawadi amebisha hodi karakanani, bado yuko na nguo za kanisani. Anataka kufinyanga chungu cha maharage cha marehemu mama yake, lakini hakumbuki mdomo wa chungu ulikuwaje.

"Tuanze na tumbo," nilimwambia. "Mdomo utakuja."

Tumeanza. Chungu kimelalia upande mmoja. Alikizunguka, akakitazama, akasema hata mama yake angekicheka. Kisha akakibomoa mwenyewe na kukunja mikono ya gauni juu zaidi.

Kesho nitakanda udongo wa watu wawili.