Masikio Yako Yalikuwa Mazima, Shemeji

Karakana ya Viatu,
Nyuma ya Soko,
S.L.P. 214.

Jumapili, tarehe 8 Juni.

Shemeji yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe, mwenzako na binti yenu. Hamjambo huko? Kifua chako kimepona? Mara ya mwisho tulipozungumza ulikuwa unakohoa kama mlango usiotiwa mafuta, nami sikupata nafasi ya kukuuliza zaidi. Hapa sisi hatujambo. Pacha wote wawili wazima: mmoja ameishika karakana, mwingine yuko chuoni mwaka wa mwisho. Mimi nakula, nalala, na siku hizi naweza kupita mbele ya meza ya kaka yako bila kugeuza uso. Mungu ashukuriwe.

Sijakushukuru ipasavyo tangu msiba. Wiki tatu nzima ulipiga simu kila siku, na najua ulikuwa umeshinda juu ya ngazi ukipaka rangi nyumba za watu, mikono inauma. Siku nyingine hatukuwa na la kusema, tukawa tunasikilizana tu tunavyopumua. Zile dakika zilinisaidia kuliko hotuba zote nilizosikia siku zile. Asante sana, shemeji.

Lakini leo sikuandikii kwa shukrani peke yake. Siku ya mazishi uliniambia kwa simu, huku unalia, kwamba kaka yako amekwenda na hasira juu yako moyoni. Si kweli. Alinipa maneno ya kukuambia, nami nimekaa nayo miezi minne. Ngoja nikueleze yote kwa utaratibu, kisha uamue mwenyewe kama utanisamehe.

Unaikumbuka karakana ilivyokuwa siku ya Jumamosi mchana, wakati wewe bado unatutumia santuri. Kifurushi chako kikifika, kaka yako hakifungui mpaka wasikilizaji wake wawe wamekaa: Mwalimu mstaafu kwenye kiti chenye mgongo, msusi wa mlango wa pili kwenye benchi, na fundi kufuli tunayemwita Kiwembe kwa sababu ya ulimi wake. Kaka yako aliifuta santuri kwa kipande cha bitana laini ya kiatu cha kike, akaiweka kwenye gramafoni, kisha akatia misumari mdomoni na kuendelea kugonga visigino polepole. Sheria ilikuwa moja, hakuna kutoa maoni mpaka upande wa pili uishe. Ile misumari, nadhani, ilikuwa ya kujizuia yeye mwenyewe.

Ukishaisha, ndipo daftari lilipotolewa. Hakuna aliyeelewa lugha ya zile nyimbo, na majina ya albamu yalitushinda, kwa hiyo tuliziita kwa picha za majalada yake: Wanne Mvuani, Kofia ya Bluu, Mbwa na Simu. Kila msikilizaji aliandika yake na kutoa alama kwa soli, kuanzia moja hadi tano. Albamu ya soli moja ni ya kuvaa siku moja tu, tena siku ya jua. Ya soli tano utatembea nayo miaka.

Nimelisoma daftari lote mwezi huu, nikacheka peke yangu mpaka pacha akaja kuniangalia. Kuhusu Wanne Mvuani, Kiwembe aliandika: "Mpiga dramu ana ugomvi na mtu. Wasuluhishwe kwanza ndipo warekodi. Soli mbili." Msusi akaandika chini yake: "Lile gitaa linanikuna mgongoni mahali ambapo mkono haufiki. Soli nne na nusu." Mwalimu aliipa Kofia ya Bluu soli tatu, akaeleza kwamba upande wa kwanza ni wa watu waliokaa wakafikiri, na wa pili ni wa watu waliokuwa wanawahi basi. Maoni yako wewe yamo pia. Kaka yako aliyanakili kutoka kwenye barua zako kwa ule mwandiko wake wa kulala, akikuandika "Mdogo wangu, aliye mbali". Zipo albamu thelathini na moja, shemeji. Zote kutoka kwako.

Ya mwisho ndiyo ile yenye picha ya ngazi nyekundu iliyoegemezwa ukutani, bila sura ya mtu yeyote. Tuliiita Ngazi. Hakuna albamu iliyopendwa hapa kama ile. Ilitutambalia taratibu, nzito, na yule bwana mwimbaji alikuwa na sauti ya mtu aliyepoteza kitu na hataki kusema ni nini. Kila mmoja alitoa soli tano, hata Kiwembe, ambaye aliandika neno moja tu: "Nimenyamaza."

Kisha ikaja barua yako. Uliandika kwamba Ngazi ni roki ya kuchangamka, ya kuchezwa na vijana, kwamba imekwenda mbio mno upande wa pili, na kwamba yule binti anayeimba angepunguza kupiga kelele. Soli tatu. Kaka yako aliisomea karakana nzima, na alipofika kwenye "yule binti", wakaangua kicheko. Kiwembe akasema huko uliko baridi imekuziba masikio. Kaka yako alikuandikia jibu siku ileile, na mimi niliyekuwa nashona ngozi pale nyuma nilimwambia, Baba Pacha, acha ilale kwanza hiyo barua. Hakuilaza. Alikuambia kwamba ugenini umesahau hata kutofautisha mwanamume na mwanamke. Wewe ukajibu kwa mstari mmoja: "Basi sikilizeni wenyewe." Santuri zikakoma. Miaka sita mkawa mnaulizana kwa simu habari za nyumbani, nzuri, na za huko, nzuri, kisha simu inarudishwa kwangu.

Sasa sikiliza yaliyotokea hospitalini.

Siku zake za mwisho kitanda chake kilikuwa dirishani, na muuguzi wa zamu ya mchana alimpenda kwa sababu alimrekebishia kisigino cha kiatu akiwa amelala palepale. Mchana mmoja muuguzi alimsikia anavumisha wimbo wa kwanza wa Ngazi, akamuuliza ni wimbo gani. Kaka yako akamtajia herufi za jina la bendi moja moja kama zilivyo kwenye jalada. Muuguzi akaipata kwenye simu yake, akailaza simu juu ya mto, karibu na sikio.

Nilidhani maumivu yamemshika. Aliinua kichwa, akakodoa macho, akanishika mkono.

"Mama Pacha," akasema, "ni mwanamke!"

"Nani?"

"Yule bwana. Ni mwanamke. Tena anakimbia!"

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akasema, mzee, na sisi tugawie. Kisha akatulia, akafumba macho, akawa anavihesabu vidole vyake kama afanyavyo akipima mguu wa mteja. Akaniambia: "Ule mkanda. Ni mkono wangu."

Najua habari hii haikukufikia. Juma lilelile Ngazi ilipofika, mkanda wa ndani wa gramafoni ulikatika, ule unaoizungusha sahani. Kaka yako hakutaka kungoja fundi. Alikata mwingine kwa mpira aliokuwa anatilia soli, akajisifu kwamba huu hautakatika milele. Kweli haukukatika, ila ulikuwa mnene na mzito, na sahani ikawa inajikokota. Sisi hatukujua. Tulipoweka zile za zamani zikasikika zimelegea, Mwalimu alisema santuri nazo huzeeka, na sote tukakubali, maana sisi wenyewe tulikuwa tumezeeka.

Kisha alisema hivi, na nayaandika kama alivyoyasema: "Mwambie mdogo wangu masikio yake ni mazima. Mwambie mimi ndiye niliyemkosea, si yeye." Akaomba karatasi akuandikie mwenyewe. Nikampa, lakini kalamu ilimponyoka mara mbili, akasema atakuandikia kesho akipata nguvu. Kesho yake hakuzungumza. Siku iliyofuata alfajiri alituacha.

Kwa hiyo uliponililia katika simu, maneno yake nilikuwa nayo mdomoni. Nikakuambia tu, jikaze, shemeji. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Si kwamba nilikuwa na kinyongo nawe, Mungu ni shahidi. Ila kadiri siku zilivyopita, kila kitu chake kilikuwa kinakwisha. Nguo zimegawiwa, viatu vya wateja vimerudishwa, hata miwani yake imepata mwenyewe. Ujumbe wako ndio uliobaki, kazi yake moja ambayo haijakamilika, na nilijua nikikufikishia nitabaki mikono mitupu. Nikauficha kama mtoto anavyoficha kipande cha mwisho cha sukari. Nilikuwa najipoza mimi huku wewe unaungua. Nisamehe.

Juma lililopita niliona aibu. Nilipeleka gramafoni kwa fundi redio akaitia mkanda mpya wa dukani. Ule wa zamani alitaka kuutupa, nikamwambia alete hapa. Nimeuweka kwenye droo ya cherehani. Jana mchana nikawaita wasikilizaji wote watatu, nikaiweka Ngazi, nikakaa kwenye kiti cha kaka yako kwa mara ya kwanza.

Ungeziona zile sura! Sheria ya kunyamaza ilivunjwa kabla sindano haijatulia. Kiwembe alisimama: "Huyu dada katoka wapi? Yule bwana yuko wapi?" Msusi alijifunika uso kwa kanga, mabega yanamtikisika, sikujua analia au anacheka. Akasema, "Jamani, miaka sita namhurumia mwanamume ambaye hayupo!" Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kana kwamba tatizo lilikuwa macho.

Upande wa pili ulipoisha niliwasimulia ya hospitalini. Kisha nikawaonyesha barua yako ile ya soli tatu. Kaka yako hakuitupa, shemeji. Nimeikuta imekunjwa vizuri ndani ya gamba la nyuma la daftari, na imekunjuliwa na kukunjwa mara nyingi mpaka mikunjo imekuwa laini kama kitambaa. Mwalimu aliisoma kwa sauti tangu mwanzo. Safari hii hakuna aliyecheka. Kiwembe, yule Kiwembe unayemjua, alikohoa akasema: "Mwandikie bwana mdogo kwamba baridi haikumziba kitu. Sisi ndio tuliozibwa na soli." Kisha akataka maoni ya zamani yafutwe. Mwalimu akakataa, akasema yale tuliyoyasikia tuliyasikia kweli. Barua yako sasa imebandikwa katika ukurasa wa Ngazi, karibu na maoni ya kaka yako.

Nami kwa mara ya kwanza nimeandika maoni yangu. Miaka yote nilikuwa nyuma ya cherehani, hakuna aliyeniuliza, wala sikuwa na haja. Nimeandika kwamba hii ya mbio ni nzuri, na yule binti ana pumzi. Nimeandika pia kwamba ile ya polepole ndiyo niliyozeeka nayo pamoja na mume wangu, na kwamba zote mbili alituletea mtu mmoja aliye mbali. Alama nimeshindwa kutoa.

Sikuombi santuri nyingine, usije ukaenda dukani. Ninachokuomba ni kwamba ukipiga simu usiniulize habari za nyumbani tu. Niambie unasikiliza nini huko, na kama hukipendi useme hukipendi.

Ulimlilia kaka yako ukidhani amekugeuzia mgongo. Sasa mlilie upya, shemeji, kwa amani, kama mtu anavyomlilia ndugu yake. Alikwenda anacheka, na mtu wa mwisho aliyemtaja ni wewe.

Nisalimie mwenzako sana, na umbusu binti kwenye paji la uso kwa niaba yangu. Pacha wanakusalimu baba yao mdogo, Mwalimu naye anakusalimu, msusi pia, na Kiwembe anasema usimjibu vibaya. Mungu akulinde juu ya ngazi na chini yake, na akupe usingizi mzuri kuanzia usiku utakaoisoma barua hii.

Ni mimi nikupendaye kama ndugu wa tumbo moja,

Mama Pacha