Bomba Chini ya Vyumba vya Mama Mkwe

Alhamisi. Jua la Tabora leo limewaka kama lina ugomvi na mtu, na mimi nimerudi kazini nikiwa sitaki hata chai.

Gongoni, upande wa mabondeni, watu wana wiki nzima bila maji. Bomba kuu linavuja mahali fulani, na hakuna anayejua limepita wapi. Waliolifukia wamestaafu, ramani haipo. Tena ni la plastiki, kwa hiyo kipimo cha kutafutia chuma hakiambulii kitu. Sisi mafundi wa maji tunatumia kingine. Kifaa kimoja tunakifunga kwenye bomba la mtu mwenye maji, kinayagonga maji kwa mapigo, du, du, du. Mimi natembea na cha mkononi, visikizi masikioni, nayafuata mapigo yale chini ya ardhi. Yanaposikika kwa nguvu, mwenzangu Masanja anapuliza rangi ya bluu kuweka alama.

Tulifuata uchochoro vizuri tu. Kisha mapigo yakakata kona, yakaingia uani kwa mama mkwe wangu.

Mama ni mjane. Ameuza asali miaka na miaka, ndoo kichwani, mpaka akasimamisha vyumba viwili vya kupangisha. Ndivyo vinavyomlisha.

Aliponiona alifurahi, masikini. Akawaita majirani: "Njooni mumwone mkwe wangu! Huyu anasikia maji yanavyotembea chini!" Akaniletea karanga za kuchemsha kwenye sahani.

Nilizitafuna huku mapigo yakinivuta ukutani. Mpangaji akanifungulia chumba. Sakafu ilikuwa imelowa, na chini ya saruji maji yalikuwa yakifoka, nayasikia waziwazi.

Masanja aliniona uso. "Dada, rudia. Labda umekosea."

Nilirudia. Nikarudia tena.

Sikuwa nimekosea.

Nilivua visikizi, nikamwambia mimi mwenyewe kabla rangi haijagusa ukuta. "Mama, bomba kuu limepita chini ya vyumba hivi. Limepasuka humu ndani. Itabidi vivunjwe."

Hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliniangalia kama mtu anayetafuta sura aliyowahi kuifahamu, akauliza, "Na aliyesema ni wewe?"

"Ni mimi, mama."

Akaichukua sahani yake, karanga zikiwa hazijaliwa hata nusu, akaingia ndani. Majirani waliokuja kunishangilia wakatawanyika.

Kinachonikera ni hiki. Aliyemuuzia kile kiwanja bado anauza viwanja. Kiongozi wa mtaa aliyegonga muhuri kwenye hati ya mauzo alikula pilau siku vyumba vinafunguliwa, na leo kapita na baiskeli yake akatoa pole. Hao hakuna wa kuwagusa. Atakayeumia ni mwanamke mmoja aliyenunua kwa jasho lake, na atakayelaumiwa ni mimi.

Jioni mume wangu alikuwa ameshasikia. Hakunisalimu. "Ungesema mashine imeshindwa," aliniambia. "Nani angejua?"

Nilimkumbusha akina mama wa mabondeni wanaoamka gizani kutafuta maji. Nilimkumbusha kwamba ule ukuta ungekuja kumwangukia mpangaji usingizini.

"Mafundi wako wengi. Kwa nini iwe wewe?"

Alichukua shati lake la kesho, akaenda kulala kwa mama yake.

Nilijifunza kazi hii kwa kuipenda. Nilipomwonyesha mume wangu kile kifaa mara ya kwanza, alicheka akasema nimekuwa mganga. Leo nimekitupa pembeni ya kabati na sitaki hata kukiangalia.

Kesho asubuhi wanavunja sakafu. Mkuu wangu amenihurumia, kasema naweza kubaki ofisini, watakwenda wengine.

Nitakwenda. Nitasaidia kutoa vyombo vya wapangaji, na mama akitaka kunitukana mbele za watu, anikute nimesimama palepale.