Pampu ya Kukaushia Duara

Ushirombo, Jumatano

Baba Masalu,

Nyanya zako zinakusalimu, zimenona. Shamba nililigawa: nusu mifereji kwa pampu yako, nusu mipira ya kumwagilia kwa matone niliyoazima dukani kwa Hozefa. Pampu ilikunywa petroli lita nne kwa siku, kama mjomba wako harusini. Matone yalitaka ndoo thelathini tu za kisima. Mifereji imetoa kreti sita, matone tisa. Hozefa akacheka, "Mama Masalu, utarudisha mipira yangu kweli?"

Sirudishi, nimeinunua.

Unasema duara lenu, shimo la kuchimbia dhahabu huko Nyarugusu, limejaa maji, nikutumie pampu. Nimeiuza, ndiyo iliyolipa mipira. Kasirika ukiwa njiani kurudi nyumbani. Duara limekuahidi dhahabu miaka mitatu. Jumamosi tunavuna tena, na ndoo yako ipo kisimani.

Mkeo,
Mama Masalu